Dar kwa Kazi Zetu: shajara ya mabango 12 na mitaa yake

6 Februari 2024: Wazo na mipaka

Studio yetu ya usanifu wa michoro ipo Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa muda huo tumetengeneza vibao vya maduka, nembo za shule, lebo za unga na chumvi, kadi za harusi, ramani za wageni, mabango ya afya na vipeperushi vya mabanda ya Sabasaba. Kazi za aina hii haziwekwi makumbusho. Bango hubanduliwa, pakiti hutupwa, kibao hupakwa rangi juu yake mara mpangaji mpya anapoingia. Lakini juzi tulipozitandaza sakafuni kwa mtaa badala ya kwa mwaka, mji ulijitokeza wenyewe: nani aliuza nini Kariakoo, watu walipanda gari gani kwenda Mbagala, watoto wa Temeke walivaa nembo gani kifuani. Dar tunayoijua ni hiyo, na hatujaiona kwenye picha za machweo.

Tutachagua kazi 12 za zamani, kila moja na mtaa wake, tuzitengeneze upya kuwa mabango ya A2 yaliyochapwa kwa mkono, kwa skrini (wino hupitishwa kwenye wavu hadi karatasini), rangi zisizozidi tatu kila moja. Nakala 30 kwa kila bango. Hatutatafuta mdhamini, kwa sababu nembo ya mdhamini itakaa mbele ya mji. Lengo ni kufungua maonyesho tarehe 9 Desemba.

Shajara hii tunaiweka wazi ili studio ya Tanga, Mwanza, Mombasa au kwingineko ikitaka kuufanyia mji wake hivi, ianze pale tulipoishia. Gharama zote ni kwa shilingi ya Tanzania.

9 Machi 2024: Kufufua mafaili

Hatua hii imekula muda kuliko tulivyopanga. Mgao wa umeme nao ulitusumbua mwanzoni, ingawa umepungua tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa mwezi uliopita.

Kazi za miaka ya mwanzo zilihifadhiwa kwenye CD. Nyingine utando wake wa ndani umeanza kubanduka, na hizo hazisomeki kabisa. Nyingine zinasomeka kwa kusuasua. Dawa yake ni kunakili faili moja moja na kuacha diski ipoe katikati, siyo kuburuta folda nzima. Diski ngumu moja iliyokufa tuliipeleka kwa fundi, akatoa karibu kila kitu. Malipo: Sh 350,000.

Faili likipatikana, bado lina shida zake. Kazi zetu kadhaa zilichorwa kwa FreeHand. Programu hiyo Adobe iliinunua pamoja na kampuni ya Macromedia mwaka 2005, kisha ikaacha kuiendeleza, na kompyuta za sasa haziifungui. Tuliazima kompyuta kuukuu ambayo bado inayo, tukahamisha kila kitu kwenda EPS, aina ya faili la michoro ambalo programu nyingi hulifungua. Upande wa CorelDRAW, programu nyingine ya kuchorea tuliyotumia, tatizo lilikuwa fonti. Faili linafunguka, lakini fonti iliyotumika haimo tena kwenye mashine, na programu inaweka nyingine kimyakimya. Maneno yanahama na mistari inavunjika, na asiyeijua kazi ya asili hawezi kugundua. Tulijaribu kukisia fonti kwa macho. Haikufaa: herufi zilifanana, lakini nafasi kati yake zilikataa.

Kilichotuokoa ni filamu. Kabla wachapaji hawajaanza kutoa bamba la kuchapia moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, kila rangi ya kazi ilitolewa kwanza kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, nyeusi tupu, kipimo halisi. Mchapaji mmoja wa Gerezani alikuwa amezitunza zetu kwenye bahasha, zimeandikwa tarehe kwa kalamu ya risasi. Filamu haina fonti ya kupotea, ina umbo lenyewe la herufi. Tuliziskani na kuchora upya mistari ya herufi juu yake. Anayeanza mradi wa namna hii amwone mchapaji wake wa zamani kabla ya kumwona fundi wa kompyuta.

20 Aprili 2024: Masika, unyevu na skana

Mvua za mwaka huu ni kubwa. Maboksi ya karatasi yaliyokuwa sakafuni yamevuta unyevu, na vipeperushi vya karatasi ya kung'aa vimegandana. Tulijaribu kuvibandua vikiwa vikavu, wino wa ukurasa mmoja ukabaki kwenye mwingine. Tulivyoloweka kwenye maji safi kwenye sinia na kuviacha viachiane taratibu, vingi vilipona. Sasa maboksi yote yapo juu ya mbao, mbali na ukuta, na hewa inapita chini.

Tumenunua skana ya mtumba ya A3 kwa Sh 450,000. Kuskani kitu kilichochapwa si sawa na kuskani picha ya kamera. Picha iliyochapwa ni vitone vya rangi nne, skana nayo ina gridi yake, na gridi mbili zikikutana zinazaa mawimbi yasiyokuwepo kwenye kazi. Tuliskani kwa nukta 300 kwa inchi, mawimbi yakajaa kwenye nyuso za watu. Njia iliyofaa: skani kwa nukta 600 au zaidi, geuza karatasi kidogo isikae sambamba na kioo, kisha punguza ukubwa hadi nusu na unyooshe kwenye kompyuta. Vitone vinayeyuka kuwa rangi moja. Kwa maandishi fanya kinyume: skani nyeusi na nyeupe tu, bila kijivu.

18 Mei 2024: Kuchagua 12

Ubishani ulikuwa mzuri. Wenzetu vijana walitaka alama za mji: Sanamu ya Askari, kanisa la Azania Front, Mnara wa Saa. Wengine wetu tulisema alama hizo zina wachoraji tayari. Tukaafikiana kanuni moja: kitu kinaingia kwa sababu tuliwahi kukifanyia kazi, na kazi hiyo ilitumiwa na watu wa mtaa. Sanamu ya Askari imeingia kwa njia hiyo. Tuliwahi kuchora ramani ya katikati ya mji kwa ajili ya wageni, na sanamu ya mwaka 1927 ndiyo ilikuwa kituo cha kuhesabia hatua zote, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe.

Nitataja chache zilizochaguliwa. Kibao cha duka la viungo Kariakoo. Nembo ya shule ya msingi Temeke. Lebo ya kashata zilizouzwa kwenye foleni ya kivuko cha Magogoni. Lebo ya duka la kanga la Mtaa wa Uhuru. Kadi ya harusi ya Magomeni, yenye maua ambayo baadaye yalinakiliwa na kila mtu. Ramani ya daladala, ambayo kila njia ilipewa rangi ya ule mstari uliopakwa ubavuni mwa gari. Na kipeperushi cha muuza jezi, Simba upande mmoja na Yanga upande mwingine.

Hiki cha mwisho kilitukalisha. Yanga ni ya 1935 na Simba ya 1936, zote zimezaliwa katika mitaa ileile ya Kariakoo na Jangwani, na kipeperushi cha asili kilikuwa na pande mbili ili kusiwe na aliye juu. Bango lina upande mmoja tu. Tumeamua libuniwe liweze kutundikwa juu chini au chini juu, na mwenye duka achague.

Wazo la kuchapa kanga nalo tulilipima. Tulikuwa na pindo na mji wake (mchoro wa katikati) tayari kwenye karatasi, lakini kiwanda kinataka oda ya chini iliyo mbali sana na uwezo wetu. Tumeiweka kando.

22 Juni 2024: Ruhusa

Watu wengi hudhani kwamba mchoro ukiuchora ni wako. Jina la duka ni la mwenye duka, na uso kwenye bango ni wa mwenye uso. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa 2022 imeanza kutumika 2023. Sisi tuliamua kuomba ruhusa ya maandishi kwa kila kazi, hata pale ambapo pengine isingehitajika. Karatasi ni ya ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, ina picha ya kazi yenyewe, na inasema wazi nakala ngapi zitachapwa na pesa itakwenda wapi. Barua yetu ya kwanza ilikuwa ndefu na ya kisheria, na watu waliiogopa. Iliyofupishwa ilisainiwa kwa urahisi zaidi.

Kampeni moja ya afya tumeiacha, kwa sababu mtoto aliyepigwa picha sasa ni mtu mzima na hataki. Hatukumsihi. Nafasi yake imechukuliwa na pakiti ya chumvi.

Ziara iliyobadilisha mradi ni ya duka la viungo Kariakoo. Mzee aliyetuagiza kibao ameshafariki, biashara anaiendesha mkewe. Tulipomwonyesha picha ya kibao aliishika muda mrefu.

"Shikamoo mama. Tumekuja kuomba tukichape tena kibao cha mzee."

"Marahaba wanangu. Kukichapa mtakichapa. Mtakwenda kukiweka wapi?"

Tukamwambia tunafikiria ukumbi, au ukuta mrefu wa mjini.

"Huko nani anamjua marehemu? Wanaomjua wanakuja hapa kununua iliki. Kiwekeni hapa kwanza, halafu mkipeleke huko kwenu."

Alisaini kwa sharti hilo. Gharama za hatua hii, nauli na nakala: Sh 140,000.

27 Julai 2024: Herufi za mkono

Kazi zetu tano za mwanzo zilitumia herufi zilizochorwa na fundi wa mabango wa Temeke, kwa brashi na rangi ya mafuta, juu ya ubao mwembamba wa hadibodi. Jiji hili lina historia ndefu na vifaa hivyo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 alitumia ubao wa aina hiyohiyo na rangi za kung'aa za kupaka baiskeli, kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani. 

Mwanzoni tulijaribu kuzigeuza herufi za fundi kuwa fonti. Tulichukua herufi kutoka kibao kimoja, tukazisafisha, tukaziingiza kwenye programu. Neno lililoandikwa kwa fonti hiyo lilionekana limekufa. Kila "a" ilikuwa sawasawa na "a" nyingine, wakati kwenye kibao fundi aliibana ile iliyo kabla ya "z" na kuipanua ya mwisho. Tukamfuata mwenyewe nyumbani.

"Shikamoo fundi. Tunaomba utuandikie vichwa vya mabango haya, kwa mkono wako."

"Marahaba. Mbona mna kompyuta?"

"Imeshindwa, mzee."

Akaomba chaki. Alitufundisha mambo ambayo vitabu vya usanifu huyaeleza kwa kurasa nyingi. Herufi ya duara, kama O, lazima izidi mstari kidogo juu na chini, la sivyo jicho litaiona fupi. A na V zikikaa jirani zisogezwe, zisipimwe kwa rula. "Wewe pima mwanga uliobaki kati yao," alisema, "ujazo wa mwanga uwe mmoja." Vichwa vyote 12 ameviandika mwenyewe kwenye ubao, tukaviskani bila kusafisha alama za brashi. Jina lake litakuwa kwenye kila bango, chini kulia, kwa ukubwa sawa na letu.

Malipo yake: Sh 600,000. Mbao na rangi: Sh 130,000. Ni matumizi tunayoyaona halali kuliko yote katika mradi huu.

31 Agosti 2024: Uchapaji, awamu iliyoharibika

Skrini nane, kila moja Sh 45,000, jumla Sh 360,000. Kemikali na wino wa maji Sh 520,000. Karatasi za kwanza Sh 180,000, na hizo zote zimeharibika. Naeleza kwa nini.

Tulinunua kadi ya kung'aa ya gramu 300 kwa sababu inapatikana kila duka la vifaa vya ofisi. Wino wa maji haunywewi na kadi hiyo. Unakaa juu, unachelewa kukauka, na upande wenye rangi nyingi unajikunja. Tumehamia karatasi isiyo na mng'ao, gramu 270. Bei yake ni juu, Sh 1,500 kwa shiti. Shiti 400 zimetugharimu Sh 600,000.

Shida ya pili ilikuwa dawa inayopakwa kwenye wavu. Dawa hii hukaushwa gizani, kisha hupigwa mwanga kupitia filamu. Palipopata mwanga huganda, palipofunikwa huoshwa na maji na kuacha nafasi ya wino kupita. Kwa unyevu wa Dar, dawa inaonekana kavu kwa kidole lakini ndani ni mbichi. Ukiipiga mwanga katika hali hiyo, inaporomoka yote unapoiosha. Tulidhani mwanga hautoshi, tukaongeza muda, na hapo mistari myembamba ikaziba. Suluhisho lilikuwa kwenye kukausha. Tumetengeneza kabati la giza lenye feni ndogo na vikopo vya kunyonya unyevu, vile vinavyouzwa kwa ajili ya kabati za nguo. Vyote Sh 95,000. Skrini inakaa humo usiku kucha, na tangu hapo haijaporomoka hata moja.

Mwanga nao: tulianza na jua, lakini wingu likipita vipimo vyote vinabadilika. Kupima muda wa mwanga, funika filamu kwa kadi na usogeze kadi hiyo hatua kwa hatua kila baada ya sekunde chache, utapata kipande kimoja chenye majibu yote. Ukishajua muda wako, tumia sanduku la taa usiache mambo mikononi mwa anga.

28 Septemba 2024: Rangi tatu zinazozaa nyingine

Bango gumu kuliko yote ni ramani ya daladala. Ya asili ina rangi nyingi, na kila rangi ni skrini yake. Tumeifanya kwa rangi tatu tu, kwa kuchanganya kila wino na besi, yaani wino usiotiwa rangi, ili upitishe mwanga. Njano kwanza, kisha nyekundu, mwisho buluu. Njano chini ya nyekundu inatoa chungwa, njano chini ya buluu inatoa kijani, nyekundu chini ya buluu inatoa zambarau. Usitie wino mweupe hata kidogo kupunguza ukali, maana mweupe unaziba na rangi ya chini haionekani tena. Punguza kwa besi.

Kwenye bango la jezi njia hiyo ilitoa kijani kilichofifia, ambacho mshabiki wa Yanga asingekikubali, na angekuwa na haki. Buluu yetu ilikuwa na wekundu ndani yake, na wekundu huua kijani. Kwa bango hilo pekee tumetumia buluu inayoelekea samawati, na kijani kimewaka.

Mambo mengine mawili kuhusu wino wa maji katika joto letu. Feni ikielekezwa mezani, wino unakaukia kwenye wavu katikati ya kazi. Izime unapochapa, iwashe kwa ajili ya karatasi zilizotundikwa. Na kati ya nakala moja na nyingine, vuta wino uufunike wavu wote, usiuache wazi. Tunaanza alfajiri na kuacha jua likipanda.

Rejista, yaani kuzikalisha rangi sawasawa moja juu ya nyingine, pia ilitutesa. Rangi ya pili ilikuwa haikai juu ya ya kwanza, na kila siku ilikosea kwa kiasi tofauti. Karatasi yenyewe ilikuwa inatanuka na kusinyaa kwa unyevu. Sasa karatasi zinakaa zimefunguliwa chumbani siku kadhaa kabla ya kuchapwa, rangi zote tatu za bango moja zinachapwa siku moja, na kwenye michoro tumeacha rangi zipandane kwa milimita moja.

Ramani tumeichapa ilivyokuwa, pamoja na njia ambazo hazipo tena. Juu yake, kwa mstari mwembamba, tumepitisha njia ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Mei 2016: Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani.

19 Oktoba 2024: Ukuta haukufaa

Mpango ulikuwa ukuta mmoja mrefu katikati ya mji. Tulifanya jaribio la Sh 110,000: nakala chache tukazigundisha nje upande wa baharini, tukaziacha kwenye jua na upepo wa chumvi. Nyekundu ilipauka kwanza, na ilipauka sana. Gundi ilitoa malengelenge. Bango lililopakwa vanishi ya maji lilivumilia zaidi, lakini liligeuka manjano.

Upande wa vibali, bango la nje hulipiwa kwa ukubwa wake, na hata tungeyagawa nje, kila moja mtaani kwake, yangegusa mamlaka zaidi ya moja. Tangu 2021 iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja ina manispaa yake na utaratibu wake. Kwa bajeti yetu hesabu haikukaa.

Hapo tukarudi kwenye sharti la mama wa Kariakoo. Kibao cha viungo kikae kwenye duka la viungo. Lebo ya kashata ikae Kigamboni, upande wa pili wa kivuko. Nembo ikae shuleni, kadi ya harusi ikae saluni ya Magomeni wanakopambwa maharusi. Ndani ya fremu za biashara, yaani vyumba vya maduka, hakuna jua wala chumvi, wala ada ya bango la nje. Kubwa zaidi, bango linaonwa na watu ambao kazi ya kwanza ilifanywa kwa ajili yao. Tumezungumza na wenye fremu wote na wamekubali. Ofisi za serikali za mitaa tumezipelekea barua ya taarifa.

Maonyesho sasa ni safari ya kuzunguka mji, siyo ukumbi. Naona ndivyo yalivyopaswa kuwa tangu mwanzo.

17 Novemba 2024

Jana asubuhi jengo la ghorofa limeporomoka Kariakoo. Watu wamefariki, na uokoaji unaendelea tunapoandika. Fremu mbili kati ya zetu zipo jirani na eneo hilo. Wenyewe wako salama, lakini wana ndugu na wateja waliokuwa mle ndani. Tumesimamisha kila kitu. Hatutafungua Desemba.

11 Januari 2025: Maelezo mafupi na ramani

Tumerudi kazini baada ya kuwauliza wenye fremu wa Kariakoo kama wanataka tuendelee. Walitaka.

Kila bango lina kikaratasi cha maelezo. Rasimu za kwanza zilikuwa na maneno mia mbili. Tulizibandika kwenye duka la jirani na kutazama: mtu anayesubiri chenji hasomi zaidi ya sentensi tatu. Sasa kikomo ni maneno 40. La Kariakoo linasema hivi: "Soko hili lilibuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa zake zilijengwa kukusanya maji ya mvua. Moto wa Julai 2021 uliliunguza. Kibao hiki kilitundikwa mtaa wa pili kutoka hapo, na duka bado linauza." Kuhusu kuanzishwa kwa mji wenyewe, vitabu hutofautiana mwaka kamili ambao Sultani Majid alianza ujenzi, kwa hiyo tumeandika "miaka ya 1860" na kuishia hapo.

Ramani ya kukunja imechapwa nakala 1,000 kwa Sh 480,000. Toleo la majaribio lilichorwa kwa usahihi wa vipimo, kaskazini juu, na waliojaribu kulitumia walipotea. Watu wa Dar huelekezana kwa vituo na alama. Toleo la mwisho ni orodha iliyochorwa: shuka Msimbazi Polisi, shuka Magomeni Mapipa, panda kivuko, na kadhalika, na kila hatua ina alama moja inayoonekana ukiwa umesimama barabarani. Mbao za kutundikia mabango, 12 kwa Sh 22,000 kila moja: Sh 264,000. Zina kibanio juu na chini, hakuna msumari unaogusa ukuta wa mwenye fremu.

15 Februari 2025: Kufungua

Tarehe 8 tuliiacha kwa sababu ya mkutano wa wakuu wa nchi wa EAC na SADC uliofanyika mjini, na tulitaka kumaliza kabla ya Ramadhani. Leo mabango yote 12 yametundikwa. Usafiri wa kuyasambaza: Sh 260,000.

Tulianza Kariakoo, kwa mama. Alikuwa amelisafisha duka, na aliwaita majirani kabla hatujafika. Mzee mmoja aliyekuja kununua bizari alisimama mbele ya bango akaanza kutueleza kwamba kibao cha asili kilikuwa na njano iliyokolea zaidi, na kwamba chini yake palikuwa na benchi ambapo wapagazi walipumzika. Benchi hilo halimo kwenye faili lolote letu. Tumeacha daftari kwenye kila fremu ili watu waandike mambo kama hayo. Muuza jezi amelitundika bango lake Simba ikiwa juu, na ameahidi kuligeuza Yanga ikishinda mechi ya watani.

15 Machi 2025: Hesabu na kinachofuata

Jumla ya gharama: Sh 4,539,000, bila kuhesabu muda wetu. Mabango yanauzwa Sh 25,000 kwa nakala. Theluthi ya bei inakwenda kwa mwenye jina au uso uliomo, theluthi kwa fundi wa herufi, theluthi inabaki kwetu kwa ajili ya awamu ijayo, hasa karatasi na wino. Mauzo hayajarudisha gharama na hatukuyapangia hivyo.

Madaftari yamejaa haraka kuliko mabango yalivyouzwa. La Kigamboni limegeuka historia ya kivuko: watu wanaandika walivyokuwa wakivuka kabla ya Daraja la Nyerere kufunguliwa Aprili 2016, walikuwa wakibeba nini, walikutana na nani kwenye foleni. La Temeke wamelijaza wanafunzi wa zamani, na wamesahihisha rangi ya nembo. Tutachapa kikaratasi cha pili cha maelezo kutokana na maandishi hayo, kwa ruhusa ya walioandika.

Yatakayobadilika awamu ijayo: karatasi itanunuliwa yote mara moja kabla ya masika; filamu zote zilizobaki kwa wachapaji zitaskaniwa hata kama kazi haikuchaguliwa, maana plastiki yake inaanza kunata; na barua ya ruhusa itaombwa siku kazi mpya inapokabidhiwa, isisubiri miaka. Mafaili yaliyofufuliwa yapo nakala tatu, moja nje ya studio.

Kazi sita zinazofuata ni za Mbagala, Tandika, Manzese na Kawe. Fundi ameshaanza vichwa vyake, na mwanafunzi wa kwanza wa herufi za mkono anakwenda kwake kila Jumamosi kwa gharama ya theluthi yetu ya mauzo.